Koo la Milimita 24

Yamaha AG100 ni pikipiki ya mashamba. Ina keria mbele na nyuma, stendi mbili, moja kila ubavu, na mnyororo uliofungiwa ndani ya kasha ili tope lisiufikie. Hapa Kenya wengi tuliizoea ikiwa imempakia afisa wa kilimo, wa mifugo au wa afya, watu waliotakiwa kufika hata kule gari linakoshindwa. Zilipochoka ziliuzwa mnadani, na zile zilizopata mwenye kuzijali zinatembea mpaka leo. Moja iko Garsen. Inabeba samaki na maembe kutoka vijiji vya upande wa Ngao na Tarasaa hadi Minjila, njia panda wanakokutana wasafiri wa Malindi, Lamu na Garissa. Injini yake ni ya cc 97, ya mipigo miwili, tustroki kama vijana wa stendi wanavyoiita: haina vali juu ya silinda wala kamshafti, na oili inayolainisha pistoni huingia pamoja na petroli, ikaungua, ikatoka na moshi.

Kilichoisumbua ni kabureta. Ile iliyotoka nayo kiwandani ilikuwa imelika. Slaidi ilicheza ndani ya tundu lake kiasi cha kugonga ukiitikisa, na bakuli la petroli lilikuwa limeota unga mweupe baada ya kunywa maji ya mafuriko zaidi ya mara moja. Maduka ya spea ya Garsen yamejaa vifaa vya Boxer na TVS, pikipiki za mipigo minne, na hakuna kinachoingiliana. Mwenye pikipiki aliagiza Nairobi, barabara ya Kirinyaga ambayo watu bado wanaiita Grogan, akaletewa kilichopatikana: Mikuni iliyong'olewa kwenye pikipiki ya cc 125. Fundi wake aliipima koo kwa venia, akaipima na ya zamani. Ya zamani, milimita 20. Hii, 24.

Milimita nne zinaonekana kidogo mpaka upige hesabu ya duara. Eneo hukua kwa mraba wa kipenyo, kwa hiyo koo la 24 ni kubwa kuliko la 20 kwa asilimia 44. Mwenye pikipiki, kijana wa miaka thelathini hivi, alifurahi kusikia hivyo. Fundi hakufurahi.

"Mwanangu, injini haijaongezeka," alimwambia. "Ni mdomo tu umeongezeka."

Alikuwa sahihi, na kazi yote iliyofuata ilitokana na maneno hayo. Petroli haisukumwi kuingia kwenye injini. Inavutwa na mwendo wa hewa inayopita kooni. Koo likiwa jembamba hewa hukimbia, shinikizo lake hushuka, na petroli hupanda kupitia jeti. Likipanuliwa huku injini ikibaki ileile, hewa hutembea polepole na mvuto hulegea. Mtu anayekimbiza pikipiki kwenye lami hatalisikia jambo hilo sana. Lakini mto Tana, mrefu kuliko yote nchini, hushusha udongo wake kwenye tambarare hizi za chini, na mvua ikinyesha udongo huo mweusi hushika gurudumu likakataa kuzunguka. Hapo mwenye mzigo hutembea kwa gia ya kwanza, injini ikizunguka taratibu. Ndipo penye maisha ya pikipiki hii, na ndipo koo kubwa huiangusha.

Hatari ya pili ni kubwa zaidi. Kwenye tustroki petroli hupoza pistoni na kubeba oili yake. Mchanganyiko ukiwa na hewa nyingi na petroli kidogo, injini huchangamka, hulia vizuri, kisha pistoni hushika ndani ya silinda au hutoboka kichwani. Aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, na moto ulio juu yake unapita kiwango hicho mara kadhaa. Kabureta hii tena ilikuwa imepangwa Nairobi, mita 1,700 juu ya bahari, ambako hewa ni pungufu ya ya pwani kwa takriban sehemu moja ya sita. Jeti inayotosha kule huku chini ni njaa.

Kazi ilianza kwa kuosha. Kijana wa spana wa fundi alimwaga maji, akasugua kwa brashi mapezi ya silinda mpaka udongo wa Delta ya Tana ukaisha katikati yake, akakausha kwa kitambaa. Fundi alitandaza gunia chini ya mwarobaini, juu yake shuka kuukuu jeupe. Kila nati iliyofunguliwa ililala kwenye shuka kwa mpangilio wa kufunguliwa kwake. Hakuna aliyeambiwa asisogeze kitu, lakini hakuna aliyesogeza.

Kabla ya kuigusa kabureta, alitaka kujua kama injini yenyewe ina afya. Tangu Mwingereza Joseph Day alipobuni mpangilio huu mwishoni mwa karne ya 19, injini ndogo za mipigo miwili zimetegemea chemba ya krankshafti kuwa pampu: pistoni ikipanda, chemba huvuta mchanganyiko kutoka kwenye kabureta, ikishuka, huusukuma juu ya silinda. Chemba ikivuja, huvuta hewa ya wizi ambayo kabureta haiijui, na hakuna jeti itakayoirekebisha. Gereji nyingi huruka hatua hii. Yeye aliipa muda wa asubuhi nzima.

Alitoa bomba la moshi, akakata kipande kinene cha tyubu ya lori, akakibana kwenye mlango wa moshi kwa bolti zilezile za bomba. Kwenye mlango wa hewa aliweka kizibo cha mpira chenye tundu katikati, na tunduni akapitisha mrija. Kisha akatoa sandukuni kifaa ambacho sikukitarajia kwenye gereji: kipimo cha presha ya damu, kile cha zamani chenye saa ya duara na mpira wa kuminya kwa mkono, kilichotupwa baada ya mfuko wake wa kufunga mkononi kuchanika. Akauunganisha mrija, akaminya polepole hadi sindano ikafika 250. Akaacha. Sindano ilisimama kidogo, ikaanza kurudi. 240. 230. 215. Hakukuwa na sauti yoyote.

Akachukua brashi ya rangi na kikombe cha maji ya sabuni yenye povu zito, akapaka chini ya silinda. Kimya. Akapaka kwenye kichwa. Kimya. Akapaka kuzunguka kizibo chake mwenyewe, maana kifaa cha kupimia nacho chaweza kuwa mwongo. Kimya. Mwisho akafungua kifuniko cha magneti, akasukuma ncha ya brashi nyuma ya gurudumu lake, akaminya tena mpira. Viputo vidogo vikatokea upande wa chini, kimoja baada ya kingine, vikipasuka na kurudi. Sili ya krankshafti ilikuwa imekufa. Mwenye pikipiki aliinama kutazama, akasema ameshabadilishiwa jeti mara mbili kwa ugonjwa huohuo. Fundi hakusema lolote kuhusu waliozibadilisha. Alitafuta puli ya kung'olea magneti.

Sili ya zamani ilitoka ikiwa ngumu. Aliibonyeza ukingoni kwa ukucha, haikubonyea. Mpya aliipaka oili mdomoni, akaiweka mahali pake kwa vidole, akachagua soketi yenye kipenyo sawa nayo, na kuigonga kwa nyundo ndogo akizunguka: juu, chini, kushoto, kulia, kila pigo jepesi kuliko unavyodhani linahitajika. Ikaingia sawasawa bila kupinda. Akarudisha kipimo, akapandisha sindano hadi 250, akaagiza chai. Alipomaliza kikombe, sindano ilikuwa palepale.

Masizi ya mlango wa moshi aliyakwangua kwa kijiti cha mkoko alichokichonga ncha bapa, kwa sababu chuma kingekwaruza pistoni. Vijibati vya vali ya ridi, vinavyoruhusu mchanganyiko uingie usirudi, alivielekeza juani. Mwanga haukupenya popote. Akavirudisha bila kuvigusa zaidi.

Sasa ndipo palipokuwa na ufundi wa mkono. Kabureta ya 24 ina shingo ya mpira yenye matundu mawili ya bolti, na nafasi kati ya matundu hayo ni pana kuliko ile ya injini ya AG. Njia ya haraka ni kurefusha matundu ya mpira kwa tupa mpaka bolti ziingie kwa nguvu. Nimeziona nyingi zilizofanywa hivyo, na zote huishia kuvuja. Yeye aliamua kutengeneza sahani ya kati: upande mmoja ishike injini, upande wa pili ishike shingo. Alikuwa na kipande cha aluminiamu chenye unene wa milimita 10. Alikipaka wino wa kalamu ya alama uso mzima, akachora mistari miwili ya katikati kwa msumari ulionolewa, na kutoka kwenye makutano yake akapima kila kitu kwa venia, bila kupima kutoka ukingoni hata mara moja. Nilipomuuliza, alisema ukingo ameukata kwa msumeno, na msumeno haujui katikati.

Alipiga panchi kwenye vituo vitano. Vinne vya bolti, kimoja cha koo. Matundu mawili yanayopokea bolti za injini aliyazamisha vichwa ili zisigongane na shingo, na mawili ya shingo aliyakata nyuzi kwa tepu ya M6, akizungusha nusu mzunguko mbele na robo nyuma, mbele na nyuma, ili kila unyuzi wa chuma ukatike na kudondoka badala ya kukwama. Kila mara alitia tone la mafuta ya taa. Aluminiamu hushika tepu ikikatwa kavu, na tepu ikivunjika ndani, kazi yote huanza upya.

Tundu la katikati alilianza kwa drili, akalipanua kwa tupa ya mviringo. Hapa alipunguza mwendo hata nikadhani amechoka. Tundu lilipaswa kuwa milimita 24 upande wa kabureta na kufuata umbo la mdomo wa vali upande wa injini, na kati ya pande hizo mbili hakukutakiwa kuwa na ngazi hata ya unene wa karatasi, kwa sababu petroli iliyokwisha kuwa ukungu ikigonga ngazi hurudi kuwa matone. Alipiga tupa mara tano sita, akapuliza, akaingiza kidole cha shahada na kukizungusha macho yakiwa pembeni, kwenye barabara. Kidole kilikuwa kinamwambia pa kurudi. Alimaliza kwa msasa uliozungushiwa kijiti, na hakuung'arisha uso kama kioo. Aliuacha na mkwaruzo mwembamba, akieleza kwamba petroli hupenda kulala kwenye uso laini.

Pande mbili za sahani alizisawazisha juu ya kioo cha dirisha. Alilaza msasa juu ya kioo, akatia maji, akausugua uso wa sahani kwa umbo la nane, akageuza mshiko kila baada ya mizunguko michache ili uzito wa mkono mmoja usiule upande mmoja. Wino ulipotoweka wote kwa pamoja, uso ulikuwa sawa. Gasketi aliikata bila mkasi: alilaza karatasi ya gasketi juu ya sahani, akagonga kingo kwa kichwa cha mviringo cha nyundo, pigo jepesi jepesi, mpaka karatasi ikajikata yenyewe kwenye ukingo wa chuma. Matundu yakatoka mahali pake hasa.

Kabureta ilifunguliwa hadi kipande cha mwisho. Jeti kuu, jeti ndogo ya silensa (injini ikilia taratibu), sindano, slaidi, boya, vali ya boya, skrubu ya hewa. Kila tundu alilitazama juani. Jeti iliyoziba wengi huidunga kwa waya wa chuma, na waya huo huikwangua shaba ikawa kubwa kuliko namba iliyopigwa juu yake. Kuanzia hapo namba inadanganya. Yeye hutumia uzi mwembamba wa mshipi wa nailoni, ule wa kuvulia, ambao mtoni hapa haukosekani. Hulainisha uchafu kwa petroli, hupitisha uzi mara moja, hupuliza.

Boya halikuaminiwa kwa macho. Alifunga mrija wa plastiki unaoonyesha ndani, masalia ya dripu, kwenye tundu la kutolea maji la bakuli, akauinua kando ya kabureta na kufungua petroli. Petroli ndani ya mrija ilisimama kwenye kimo kilekile ilichosimama ndani ya bakuli. Ilikuwa juu kidogo. Akakunja ulimi wa boya kwa ncha ya bisibisi, akapima, akakunja tena, akapima. Alipolinganisha kimo hicho na alama ya chini ya koo aliridhika, na mimi nilikuwa nimejifunza jinsi ya kuona ndani ya chuma.

Kebo ilihitaji uangalifu wa aina yake. Slaidi ya zamani ilipanda milimita 20 kufungua koo lote. Hii yapaswa kupanda 24. Na kwenye AG, kebo moja kutoka kwenye mshiko hugawanyika mara mbili: tawi moja huenda kwenye kabureta, la pili kwenye pampu ya oili, mfumo ambao Yamaha waliuingiza miaka ya 1960 ili mwendeshaji asichanganye oili kwa mkono. Ukiongeza mvuto wa tawi moja umeongeza wa yote mawili. Akageuza puli ya pampu kwa kidole hadi mwisho wake, akahakikisha bado ina nafasi baada ya slaidi kufunguka yote. Ingelikuwa inagonga mwisho mapema, koo lisingefunguka kamili, na siku moja mtu angeng'oa pampu kwa hasira.

Tawi la kabureta lilikuwa refu kupita kiasi. Alilikata, akapitisha kijipipa cha shaba, akafumua nyuzi za ncha zikafunguka pande zote ndani ya kijipipa, akazisafisha kwa asidi na kuzichovya kwenye lehemu iliyoyeyuka. Hakuivuta nje upesi. Aliishikilia mpaka lehemu ikapanda katikati ya nyuzi. Ilipopoa aliifunga kwenye jiriwa na kuivuta kwa uzito wa mwili wake wote. Kebo ikikatika njiani, kuna mtu juu ya pikipiki.

Upande wa hewa ulikuwa rahisi: kipande cha hozi ya rejeta ya lori, kilichokatwa urefu unaotosha, kikaunganisha mdomo mpana wa kabureta na boksi la filta la zamani. Kuna wanaoacha mdomo wazi kwa sababu ya mlio wake. Kwa vumbi la barabara hizi wakati wa kiangazi, mlio huo huisha pamoja na ringi.

Jeti zake hukaa ndani ya kopo la dawa. Alichagua 160, kubwa kuliko alivyodhani itahitajika, kwa makusudi. Petroli ikizidi, plagi hulowa na pikipiki hukataa. Ikipungua, pistoni huungua. Kwa hiyo mtu huanzia juu akashuka. Kwenye petroli ya tangi la kwanza alitia pia mililita 100 za oili kwa kila lita tano, juu ya ile inayoletwa na pampu, mpaka atakapoiamini. Halafu akabandika plasta nyeupe kwenye mshiko wa akseli na kuchora mistari: robo, nusu, robo tatu, mwisho. Kwa sababu kabureta haina tabia moja. Mwanzoni kabisa mwenye amri ni jeti ndogo na skrubu ya hewa; hadi robo, ni mkato wa chini wa slaidi; kutoka robo hadi robo tatu, sindano; na kutoka hapo hadi mwisho, jeti kuu. Asiyejua amefika mstari gani anarekebisha asichokisikia.

Majaribio yalifanyika kwenye lami ya barabara ya Lamu, kuelekea Idsowe. Alipanda mwenyewe. Gia ya tatu, akseli hadi mstari wa mwisho, na kwa jeti ya 160 injini ilibabaika, ikipiga moja na kuruka moja, moshi nyuma. Alirudi akitabasamu, maana alikuwa upande salama. Akaweka 150. Ilibabaika kule juu tu. Akaweka 140, na injini ikanyooka kutoka chini hadi juu kwa sauti moja isiyokatika. Safari hii alipofika mwisho wa mwendo alizima na kukamata klachi kwa wakati mmoja, akaserereka hadi pembeni, akatoa plagi palepale barabarani. Plagi ikiachwa injini ikilia taratibu hadi gereji husimulia habari za taratibu, nasi tulitaka habari za mwisho wa akseli. Aliitazama kwa lenzi ndogo, chini kabisa ya kauri, mahali inapozama ndani ya chuma. Kulikuwa na pete ya rangi ya kahawia.

Mwenye pikipiki akaomba wajaribu 130. Fundi alikubali, na hili nililiheshimu, kwamba hakumnyima kusikia. Kwa 130 pikipiki iliruka. Mlio ulipanda, mwendo ukaongezeka waziwazi, na kijana akarudi uso umemjaa furaha. Fundi akatoa plagi, akampa lenzi. Kauri ilikuwa imepauka karibu kuwa nyeupe, na ile pete ilikuwa imefifia.

"Mzee, lakini imekubali," kijana alisema.

"Imekubali jioni, haina mzigo," fundi alimjibu. "Siku ya kusi, asubuhi na baridi, umepakia makreti mpaka shingoni na upepo uko mbele yako, hiyo hiyo itakuacha njiani."

Hewa ya baridi ni nzito, na ikiwa nzito injini hudai petroli zaidi. Miezi ya kusi, Juni hadi Agosti, ndiyo ya ubaridi huku. Alikuwa anapanga kabureta kwa ajili ya asubuhi ambayo ilikuwa bado miezi mbele, na kwa ajili ya mzigo ambao haukuwepo. Akarudisha 140. Sijui mafundi wangapi wangerudi nyuma mteja akiwa amesimama mbele yao anacheka kwa furaha.

Ikabaki chini, kule kwenye tope. Walijaza mchanga kwenye makreti, wakayafunga nyuma, wakaipeleka kwenye udongo mweusi kando ya mto. Kwa gia ya kwanza injini ilisita kila akseli ilipopita mstari wa robo, kama mtu anayemeza kabla ya kusema. Ule ndio mvuto uliolegea. Slaidi iliyokuja na kabureta ilikuwa na mkato wa namba 2.5; kwenye kopo jingine, la kabureta zilizokufa, alipata ya 2.0, ambayo hukata kidogo na hivyo huzidisha mvuto karibu na jeti. Aliipima kwa kuitikisa tunduni: haikugonga. Kisha akashusha klipu ya sindano mfuo mmoja, sindano ikapanda, petroli ikaongezeka katikati. Mwisho akafunga skrubu ya hewa hadi mwisho, akaifungua mzunguko mmoja na nusu, na kwa injini ikiwa na moto akaizungusha robo huku na huku, akisikiliza, mpaka silensa ikatulia.

Alirudia jaribio na mzigo uleule, mahali palepale. Kusita kulikuwa kumeisha. Hakukubali mara ya kwanza. Alisimamisha pikipiki katikati ya tope, akaizima, akaiwasha na kuondoka tena, mara hii akiacha klachi yote na kufungua akseli kidogo tu. Ikaondoka.

Aliporudi gereji, kabla ya kufunga kifuniko cha ubavuni, aliandika kwa upande wa ndani kwa msumari: 140, 2.0, mfuo wa 4, 1½. Fundi mwingine atakayekifungua, Garsen au Hola au kokote, hataanza gizani. Akaifunga jeti ya 150 kwenye karatasi na kuiweka kwenye mfuko wa spana, endapo kusi itakuja na ubaridi zaidi ya kawaida. Akamwambia kijana kwamba petroli italiwa zaidi kidogo kuliko zamani, kwamba arudi baada ya wiki moja bolti za sahani zikazwe zikiwa baridi, na kwamba asikubali yeyote amshauri kuitoa pampu ya oili.

"Na ukisikia siku moja imeanza kukimbia kuliko leo bila sababu," alisema akipangusa mikono, "shuka uizime. Usifurahie."